Jina Nililolikata kwa Kalamu Nyekundu
(Hotuba iliyotolewa siku ya harambee ya chama chetu)



Nimeombwa niseme machache kuhusu Boys' Brigade kabla ya kuchanga. Mimi ni mhasibu, kwa hivyo nivumilieni nikipiga hesabu kidogo.

Brigedi ilianza tarehe 4 Oktoba 1883 mjini Glasgow, Uskoti. William Alexander Smith alifundisha shule ya Jumapili, na wavulana walimshinda kwa utundu. Kwa kuwa alikuwa pia askari wa kujitolea, aliunganisha gwaride, michezo na Biblia. Nembo yao ni nanga, kutoka Waebrania 6:19. Wamisionari wa Uskoti ndio waliofungua kituo chetu cha Tumutumu mwaka 1908, na katika PCEA ngoma za Brigedi zinalia hadi leo.

Jambo moja hunigusa. Smith hakudai sare kamili. Mvulana alivaa kofia, mkanda na mfuko wa begani juu ya nguo zake za kila siku, ili gharama isimfungie mtu nje.

Sisi tulilisahau hilo. Nikiwa na miaka 14 nilikuwa mweka hazina wa kikosi. Niliandika kwenye daftari nani amelipa pesa za sare. Rafiki yangu, ambaye tulikuwa tukiteremka naye kilima kila Jumamosi, alikuwa na deni la miezi mitatu. Nikalikata jina lake kwa kalamu nyekundu. Hesabu ikalingana, nikasifiwa. Yeye hakurudi Brigedi, na baada ya muda hata kanisani hakuonekana. Nimefunga hesabu nyingi tangu hapo. Hiyo ndiyo ninayotamani kuifungua upya.

Leo tunachangia ngoma na sare. Ombi langu ni hili: sare ziwe mali ya kikosi, zikae kabatini. Mvulana avae akija, amwachie mdogo wake akikua. Asiulizwe risiti. Mimi naanza na sare za wavulana 10.

Yule rafiki yangu bado anaishi hapa nyumbani. Asubuhi hii nilipita kwake nikamwomba msamaha. Alicheka, akaniuliza kama ile kalamu nyekundu ningali nayo. Kisha akanipa shilingi 200 nizilete hapa. Hizi hapa, Bwana Mwenyekiti. Ziandikwe kwa jina lake.