Kanisa ni Mkutano: Hoja Dhidi ya "Walioitwa Watoke"



Kuna mahubiri ambayo wengi wetu humu ukumbini tumeyasikia. Mhubiri anatua kidogo, kisha anatamka neno la Kigiriki: ekklesia. Anafafanua kwamba ek ni "kutoka" na kaleo ni "kuita". Basi kanisa ni watu walioitwa watoke duniani wajitenge na wengine. Waumini wanaitikia "Amina!", na tangu siku hiyo jirani wa dini nyingine anatazamwa kwa jicho la pembeni. Mafundisho haya yamezoeleka hata kuyahoji kunaonekana ni kuihoji Injili. Leo nayahoji.

Historia ya neno hili mnaijua, nitaipitia mbiombio. Athens ya karne ya 4 KK, ekklesia ilikuwa mkutano wa raia juu ya kilima cha Pnyx, kama mara 40 kwa mwaka, na baadhi ya maamuzi yalihitaji wapiga kura 6,000. Wayahudi walipoifasiri Torati kwa Kigiriki kuanzia karne ya 3 KK, neno la Kiebrania qahal, yaani kusanyiko, kwa kawaida waliliandika ekklesia katika Kumbukumbu la Torati, lakini katika Hesabu wakaliandika synagoge. Kama neno lilibeba siri ya "kuitwa watoke", wangeliacha kirahisi hivyo? Tena katika Zaburi ya 26, kusanyiko la watenda maovu ambalo mtunzi analichukia, kwa Kigiriki ni ekklesia vilevile. Waovu hao waliitwa na nani, watoke wapi?

Mtaalamu wa Biblia James Barr alikwisha kutuonya mwaka 1961: asili ya neno si maana yake. Anayetaja Baraza la Mawaziri hafikirii kibaraza cha nyumba ya Mji Mkongwe.

Lakini shahidi wangu mkuu ni Luka, katika Matendo 19, sura ambayo sichoki kuisoma. Demetrio, mfua fedha wa Efeso, anaona biashara ya vihekalu vya Artemi inaingia hatarini. Anawachochea mafundi wenzake, mji unachafuka, watu wanakimbilia kwenye ukumbi wa michezo. Huyu anapiga kelele hili, yule lile, na wengi hawajui hata kilichowaleta. Myahudi mmoja, Aleksanda, anasukumwa mbele ajieleze. Hawamsikilizi; wanapaza sauti kumsifu Artemi kwa muda wa kama saa mbili. Kundi hilo Luka analiita ekklesia. Katibu wa mji anawatuliza, anawaelekeza kwenye ekklesia halali, kisha anaivunja ekklesia ile. Mara tatu katika kisa kimoja! Biblia yetu ya Kiswahili haikuandika "kanisa" hapo, na msomaji hawezi kugundua kwamba ni neno lilelile.

Nitawatendea haki wapinzani wangu. Agano Jipya linafundisha kwamba waamini wameitwa. Paulo anawaambia Warumi hivyo waziwazi. Fundisho hilo lipo, ila halimo ndani ya neno hili. Wala mimi sitajitetea kwa kusema kwamba "kanisa" letu, lililotujia kwa Kiarabu, lina mzizi wa Kiaramu wenye maana ya kukusanya. Ningekuwa natumia silaha ileile ninayowanyang'anya.

Najitetea kwa matumizi. Kwa Wakorintho, Paulo analalamika kuhusu yanayotokea wanapokutanika katika ekklesia: huyu ana njaa, yule amelewa. Nikisoma hapo nawakumbuka mama zangu wa jumuiya ndogo ndogo, wameketi kwenye mikeka uani kwetu. Rozari ikiisha, yanafuata mazungumzo: nani anaumwa, mtoto wa nani amerudishwa kutoka shuleni kwa kukosa ada, zamu ya kumpikia mzazi ni ya nani. Mwanamke ambaye kwingine hakupewa nafasi ya kusema, pale alisikilizwa hadi amalize.

Kwa hiyo nashikilia kwamba kanisa ni watu wanapokutana na kubebana. Wasipokutana, kilichobaki ni jengo na daftari la majina. Wakikutana huku mnyonge ananyamazishwa, lawama ya Paulo inawahusu. Ombi langu kwa walimu wa vyuo vya theolojia ni hili: somo la "walioitwa watoke" liondoeni, na mahali pake wafundisheni wachungaji wetu Matendo 19 kwa Kigiriki.