Chungu na Njia: Maneno juu ya Chakula na Kansa ya Titi

Maneno yaliyosomwa na kamati ya wamama mbele ya mkutano wa wanachama, Vitshumbi

 

Mlituomba tuzungumze juu ya chakula: mtu ale nini ili ajikinge na kansa ya titi, ile wengine wanaita kansa ya maziwa. Tutazungumza. Lakini hatuwezi kuanza na mboga. Tunaanza na kosa letu sisi wenyewe, maana bila kulisema hili, mengine yote yatakuwa maneno ya bure.

Mnamkumbuka mwenzetu tuliyemzika mwezi uliopita. Watoto wake wametukubalia kusema, jina tunaliacha. Alikigusa kivimbe mwisho wa mwaka 2024, tulipokuwa bado kambini kule Bulengo. Kilikuwa kidogo kama punje ya haragi, hakimuumi. Alituonyesha sisi wamama watatu. Tukamwambia, "Dada, njo shida ya kula vibaya hiyo, bugali kila siku bila mboga. Utakula vizuri, kitaisha." Mwezi wa pili 2025 kambi zikafungwa, tukarudi hapa na magodoro yetu kichwani. Kila mtu alikuwa anatafuta paa la nyumba. Yeye hakusema tena.

Aliposema tena, titi lilikuwa limebadilika. Tukafungua sanduku jekundu la muso yetu, lile la msaada wa taabu, tukamtolea franka. Tulinunua nini na zile franka? Mayai, maparachichi, machungwa, soya ya uji. Na mfuko wa unga wa majani, toka kwa muuzaji mmoja wa sokoni aliyesema unasafisha damu. Alikula vyote kwa moyo. Mwezi wa saba ndipo alipopanda moto kwenda hospitali. Muganga hakutugombeza. Alituuliza tu, "Tangu lini?" Tukahesabu kwa vidole, tukakosa la kusema.

Hatukukosa mapenzi. Tulichanganya vitu viwili. Chakula kinaweza kupunguza hatari kabla ugonjwa haujaingia. Kivimbe kikishaonekana, chakula hakikiondoi. Hilo ndilo tunataka kila mtu arudi nalo nyumbani leo.

CHAKULA KINAWEZA KIASI GANI?

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waliambiwa wana kansa ya titi, na watu 670,000 walikufa nayo. Linasema pia kwamba karibu nusu ya wanaoipata hawana sababu nyingine inayojulikana, isipokuwa kuwa mwanamke na kuongezeka miaka. Sikieni vizuri: nusu. Kwa hiyo mtu asimtazame mgonjwa na kumuuliza alikula nini, alikunywa nini, alifanya dhambi gani. Wanaume nao wanaipata, ijapo ni wachache sana.

Lakini pale ambapo mkono wetu unafika, tuutie. Haya ndiyo yanayojulikana.

La kwanza ni pombe. Tunajua wababa wataguna, na wamama wengine pia. Pombe iko katika orodha ya vitu vinavyoleta kansa tangu 1988, orodha ya wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani, na kansa ya titi ni mojawapo. Bia ya chupa, kasiksi, kanyanga, yote ni pombe moja ndani ya mwili. Hata kidogo kinaongeza hatari kidogo, na kingi kinaongeza zaidi. Mama anayekunywa kila jioni akipunguza, anajisaidia kuliko akinunua unga wowote wa majani. Na hili halidai franka. Linabakiza franka mfukoni.

La pili ni kunyonyesha. Mwaka 2002 wataalamu walikusanya uchunguzi 47 wa nchi 30. Waliona kwamba kila miezi 12 ambayo mama ananyonyesha, ukihesabu watoto wake wote pamoja, inapunguza hatari yake kwa zaidi ya asilimia 4. Wamama wetu wa hapa wananyonyesha muda mrefu. Hiyo ni mali, tusiiache kwa sababu ya matangazo ya maziwa ya kopo. Ila mama anayenyonyesha lazima ale na anywe maji safi. Wababa, hapo tunawatazama nyinyi. Na yule ambaye hakuzaa, au ambaye maziwa hayakutoka, asisikie haya kama hukumu.

La tatu ni uzito wa mwili, zaidi sana kwa mama ambaye damu ya mwezi imekwisha. Mafuta mengi ya mwili katika umri ule yanaongeza hatari. Hapa tuseme kwa akili. Wengi wetu tumerudi tumekonda, na mwenye njaa hapewi somo la kupunguza chakula. Kama nguo zinakuvuka, wewe kula. Lakini kuna wenzetu ambao mwili umeongezeka kwa sababu ya soda, beignets za asubuhi na jioni, bugali kubwa na mafuta mengi, huku kazi ni ya kukaa mezani. Hao wapunguze sukari na mafuta, watembee. Dakika 150 kwa wiki zinatosha kuanza. Mama anayebeba samaki toka ufukweni, anayechota maji na kupasua kuni, hizo dakika anazimaliza mapema.

La nne ni mboga, matunda na haragi. Hapa tusidanganyane: hakuna mboga hata moja ambayo ni dawa ya kansa ya titi. Lakini mtu anayekula mboga, matunda na haragi kila siku anashiba bila kunenepa vibaya, na anajikinga na magonjwa mengine mengi, ya moyo na ya tumbo. Kipimo cha dunia ni gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Kwa mkono wetu, ni kama ngumi tano: ngumi mbili tatu za lengalenga au sombe iliyopikwa, ndizi mbivu moja, kipande cha papai.

MANENO YA SOKONI

Tuliulizwa maswali mengi, tunajibu machache.

"Soya inaleta kansa ya titi?" Hapana. Uji wa soya, mahindi na mtama ni chakula kizuri, mpeni mtoto na mama.

"Sukari inalisha kansa, mgonjwa asiguse?" Sukari nyingi inanenepesha, ndiyo hatari yake. Lakini mgonjwa aliye kwenye matibabu anahitaji nguvu. Msimnyime chakula kwa sababu ya maneno ya njiani. Muulizeni muganga.

"Makayabo je?" Samaki wa chumvi si sababu ya kansa ya titi. Lakini chumvi nyingi inapandisha tansio, na tansio tuko nayo hapa. Mlowekeni, mmwage maji ya kwanza, na msitie chumvi nyingine chunguni.

"Na ule unga wa kusafisha damu?" Hausafishi chochote. Sisi tuliulipia.

SHIDA YA VITSHUMBI

Marafiki wetu wa mbali pengine wanajiuliza: kama ni mboga tu, si mlime? Tuwaeleze. Vitshumbi ni kijiji cha wavuvi ndani ya Parc ya Virunga, ile iliyoanzishwa mwaka 1925. Ziwa Edward liko mbele yetu, Parc iko nyuma yetu, na kulima ndani ya Parc ni marufuku. Kwa hiyo samaki tuko naye mlangoni, ila lengalenga, haragi, ndizi na maparachichi vinatoka mbali: Kanyabayonga, Kirumba, Kiwanja. Njia ikifungwa kwa sababu ya usalama, au mvua ikiiharibu, fungu la mboga linapanda bei kuliko samaki. Kuna siku mama anauza tilapia nzuri, ananunua unga wa mihogo, na chunguni hakuna kitu cha kijani.

Ndiyo maana hatusemi tu "kula mboga" halafu tukae chini. Tumeongea na wamama wanaouza samaki kule juu. Wanapanda na samaki, wanarudi mikono mitupu. Kuanzia sasa watarudi na mboga za wanachama. Tutanunua pamoja, kwa bei ya jumla: haragi za magunia, maana haziozi, na mboga za majani mara mbili kwa wiki njia ikiruhusu. Pesa ya kuanzia itatoka katika sanduku la kijani kama mkopo, na kila mmoja atalipa anapochukua fungu lake. Juu ya mboga za kupanda ndani ya magunia karibu na mlango, tumepeleka ombi kwa wakubwa wa kijiji na wa Parc. Tusianze kabla ya jibu, tusije tukapata shida nyingine.

Na wakati mboga zinapofika, msiziue. Lengalenga ipikwe muda mfupi. Sombe lazima iive vizuri, lakini haihitaji kuogelea ndani ya mafuta. Maji ya ziwa yachemshwe kwanza, mnajua kipindupindu kimetufanyia nini.

ALAMA ZA KUTAZAMA

Sasa tunarudi kwa mwenzetu. Kila mama aujue mwili wake. Unapooga, tazama na gusa. Ukiona mojawapo ya haya, usingoje:

Kivimbe kwenye titi au kwapani, hata kama hakiumi. Kile kisichouma ndicho kilitudanganya.

Titi moja kubadilika umbo au ukubwa, tofauti na ulivyolizoea.

Ngozi kukunjamana, kuwa nyekundu, au kuwa na vishimo kama ganda la chungwa.

Chuchu kuingia ndani, kuwa na kidonda, au kutoa damu ama maji wakati hunyonyeshi.

Vivimbe vingi si kansa. Mama mwingine ataenda, ataambiwa ni kitu kidogo, atarudi anacheka. Hiyo safari si hasara. Shirika la Afya Duniani linataka kwamba, toka mgonjwa anapofika mbele ya muganga hadi kupata jibu kamili, zisipite siku 60. Sisi, hata kabla ya kumfikisha mwenzetu kwa muganga, tulipoteza zaidi ya miezi sita. Kansa ya titi ikishikwa mapema, inatibika, na watu wanapona. Matibabu yako katika nchi za jirani pia: Kampala kuna taasisi ya kansa tangu 1967, na Butaro, kule Rwanda, kituo cha kansa kilifunguliwa mwaka 2012. Ni mbali na ni bei, lakini anayefika mapema anahitaji matibabu mafupi zaidi na pesa kidogo zaidi.

TUNACHOBADILISHA

Kamati inaleta mbele yenu mambo matatu, ili mkutano uyapigie mkono leo.

Moja. Sanduku jekundu, mtu akisema ana kivimbe au alama yoyote tuliyotaja, litalipa kwanza njia: nafasi ya moto au ya gari, kwenda na kurudi, na fishi ya kumuona muganga. Mayai na matunda yatafuata. Pesa ya sanduku hili haitanunua tena dawa ya muuzaji wa njiani.

Mbili. Toka siku mtu anasema, zisipite wiki mbili kabla hajaonwa na muganga. Mama mmoja wa kamati atamsindikiza, maana wengi wanaogopa kwenda peke yao. Njia ikiwa mbaya, aanze na kituo chetu cha afya hapa hapa, siku ileile.

Tatu. Bwana asimzuie mkewe. Tunajua nyumba ambazo mama alificha kivimbe kwa kuogopa kuachwa. Wazee wa chama wamekubali kwenda kuongea na nyumba kama hizo, taratibu na kwa heshima.

Kwenu nyinyi wafadhili: mmetusaidia kwa unga, mafuta na mbegu, na hatutasahau. Ombi letu safari hii ni kwamba sehemu ya msaada wenu iingie kama pesa ya njia na ya uchunguzi. Tutaandika kila safari katika daftari, bila majina ya wagonjwa, na hesabu itatoka katika gazeti hili kila mara.

Mwenzetu, siku za mwisho, alitushika mkono akasema, "Hamukunikosea, munajua tu sasa." Sisi tunajua kwamba tulimkosea. Lakini neno lake la mwisho ni kweli: sasa tunajua. Mama atakayesema kesho ana kivimbe, tusimletee kwanza sahani. Tumuulize kwanza, "Umeonwa na muganga?" Halafu tumtafutie moto, na mayai atakula njiani.

 Anayekubali mambo haya matatu, ainue mkono.