BODI KUUKUU JUU YA CHASISI NGENI
Mazungumzo yaliyotolewa Busisi kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Tangu tarehe 19 Juni 2025, siku Rais Samia Suluhu Hassan alipolizindua Daraja la J. P. Magufuli, Busisi si mahali pa kukatikia barabara tena. Daraja hilo lenye urefu wa kilometa 3 limeiunganisha Kigongo ya Misungwi na Busisi ya Sengerema, na gari ambalo zamani lilikaa foleni likingoja kivuko sasa huvuka kwa dakika chache. Faida yake kwa mkulima wa upande huu haihitaji kuelezwa. Lakini njia ikifunguka kwa mazao hufunguka pia kwa wauza magari, na chama chenye akiba kidogo na hamu ya kuwa na lori lake hapana budi kijue kinauziwa nini.

Magari ya bei nafuu mara nyingi ni magari mawili yaliyofungwa pamoja: bodi ya gari moja lililokwisha kufa, na chasisi ya jingine. (Neno bodi hapa ni lile sanduku la gari linalobeba watu au mizigo, si Bodi ya Chama, ijapokuwa hiyo nayo yafaa kukaguliwa.) Muungano wa namna hiyo si kosa kwa asili yake. Umefanyika duniani kwa zaidi ya miaka mia moja, mara kwa ufundi mkubwa, mara kwa hasara. Mfano unaofundisha kuliko yote ni wa magari yaliyoondolewa kwenye reli na kuvalishwa matairi ya mpira.

Tramu ni gari la abiria la mjini liendalo juu ya reli zilizolazwa katikati ya barabara. Mwanza haijapata kuwa nayo. Reli iliyofika Mwanza mwaka 1928 ni ya treni. Katika pwani ya Waswahili kitu kilichokaribia tramu kilikuwa Mombasa. Huko, tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi miaka ya 1920, palikuwa na vigari vidogo vya reli nyembamba, vyenye kiti na kivuli cha turubai, vikisukumwa na watu kwa miguu yao. Reli zenyewe zilikuwa mtumba: zilitokana na mradi wa mwaka 1890 wa kuifikisha reli bara, mradi uliokwama maili chache tu kutoka pwani. Magari ya mafuta yalipozidi, vigari hivyo vikatoweka.

Kwa tramu kugeuzwa gari la barabarani, hapana budi kwenda mbali, hadi San Francisco, Marekani. Mji ule una vilima vikali, na tangu mwaka 1873 umekuwa na magari yanayovutwa kwa kamba ya chuma ipitayo ndani ya mfereji chini ya barabara. Kamba hutembea wakati wote kwa mwendo wa kilometa 15 hivi kwa saa. Mwendeshaji huikamata kwa koleo kubwa, gari likaenda. Akiiachia, husimama kwa breki. Mwaka 1952 mji uliinunua kampuni moja ya magari hayo iliyokuwa imefilisika, na mwaka 1954 njia zikapunguzwa. Magari yakabaki bila kazi. Baadhi ya bodi zake za mbao nzuri zilinunuliwa, zikafungwa juu ya chasisi za malori, zikawekewa injini na matairi, zikawa magari ya kutembeza watalii. Biashara ilipendeza hata yakaundwa mengine mapya kwa mfano wa yale.

Mtazamaji aliyesimama kando ya barabara huona gari lile lile la zamani. Fundi haoni hivyo. Gari la kamba lina breki tatu. Ya kwanza hubana magurudumu ya chuma. Ya pili ni vipande vya mbao vinavyogandamizwa juu ya reli. Ya tatu, ya hatari, ni kabari ya chuma inayoshindiliwa ndani ya ufa wa ule mfereji wa kamba. Ondoa reli na mfereji, uone ni breki ipi kati ya hizo tatu imebaki na bodi. Hakuna hata moja! Usukani nao haumo, kwa sababu gari la reli halina usukani. Reli ndiyo inayoliongoza. Hata nguvu ya kupanda mlima haikuwa ndani ya gari, ilikuwa katika kamba. Kilichohamishwa ni viti, paa na rangi. Kila kitu kilicholifanya liende salama kilibidi kitoke katika lile lori lililofichwa chini.

Katika nchi za Afrika Mashariki ufundi huu umetumika kwa njia nyingine, nao ni ufundi wa kuheshimiwa. Unguja na Pemba mafundi seremala walijenga bodi za mbao juu ya chasisi za malori madogo, zenye mabenchi marefu na paa la kupakia mizigo ya shamba, na magari hayo yakahudumia vijiji kwa miaka mingi. Dar es Salaam, mabasi ya UDA yalipopungua na serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi mwaka 1983, yalionekana malori madogo yaliyowekewa mabenchi kandokando, abiria wakikaa wakitazamana kama walio mezani. Watu wakayaita chai maharage. Yalisaidia wakati wa shida. Uingereza napo, kwenye karakana kubwa ya mabasi ya London iliyokuwa Aldenham, kuanzia miaka ya 1950 hadi ilipofungwa mwaka 1986, bodi ziliinuliwa kwa winchi kutoka kwenye chasisi zake, kila kimoja kikatengenezwa peke yake, na mara nyingi bodi ikarudishwa juu ya chasisi nyingine kabisa. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu bodi na chasisi za aina moja zilipimwa kwa kipimo kimoja hadi tundu la mwisho la boliti. Fundi wa mtaani anayeunganisha basi la kampuni moja na lori la kampuni nyingine hana kipimo hicho. Ana futi, moto na macho yake.

Sasa turudi Sengerema. Zao la pamba lina hila yake. Pamba mbegu hujaza bodi kabla haijajaza mizani. Kwa hiyo katibu huvutiwa na bodi ndefu, ya juu, pengine iliyokuwa ya basi na sasa imekatwa viti. Bodi ndefu ikiwekwa juu ya chasisi fupi, sehemu kubwa hubaki ikining'inia nyuma ya ekseli ya nyuma. Mzigo ukikaa huko, nyuma hulemewa na mbele huwa nyepesi, na usukani uliokuwa mzito unakuwa mwepesi kama wa baiskeli. Dereva asiye na uzoefu hufurahi. Kona ya kwanza yenye changarawe itamweleza habari nyingine. Na ikiwa bodi imeinuka juu sana, uzito hupanda pamoja nayo, na gari huanza kuyumba hata katika barabara iliyonyooka.

Kwa mpunga na mahindi hesabu ni ya namna nyingine. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutekelezwa Tanzania tarehe 1 Machi 2019, inaruhusu tani 8 kwa ekseli ya mbele na tani 10 kwa ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne. Lori la ekseli mbili basi lisizidi tani 18, pamoja na lenyewe. Tuseme chama kina mpunga tani 200 wa kupeleka sokoni. Lori lenye uzito wa tani 8 likiwa tupu litabeba tani 10, na kazi itakwisha kwa safari 20. Likivalishwa bodi ya vyuma vya kuungaunga, likafika tani 10 tupu, litabeba tani 8 tu, na safari zitakuwa 25. Hizo safari 5 za ziada zina mafuta, posho ya dereva na matairi, nazo hurudi kila msimu. Punguzo la bei alilolitoa muuzaji lilikuwa la siku moja.

Wako watakaosema kwamba magari ya namna hiyo yalivuka Busisi miaka yote bila tatizo. Yalivuka yakiwa yamesimama juu ya kivuko, injini imezimwa. Darajani kila gari huvuka kwa pumzi yake, na likizimika katikati, aibu yake huonekana na pande zote mbili.

Kwa hiyo mkaguzi wa gari wa chama asianze na rangi. Alale chini, atazame uvunguni. Atafute mahali ambapo chasisi imekatwa na kuungwa ili irefuke, kwa maana vyuma vya chasisi nyingi vimepewa ugumu wake kwa moto kiwandani, na moto wa kuchomelea huuondoa pale pale panapobeba mzigo. Matundu yaliyotobolewa ovyo kwenye kingo za juu na chini za chuma hicho ni ubaya ule ule. Kisha asome namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma na kuilinganisha na ile ya kadi ya gari. Kadi hutaja pia aina ya bodi na uzito. Kama kadi inasema basi na kilichosimama uwanjani ni lori, mabadiliko hayo hayajaandikishwa, na chama kitakuwa kimenunua kesi. Bima nayo hufuata maandishi. Gari likipata ajali likiwa si lile lililoelezwa katika hati, kampuni ya bima itakuwa na sababu ya kukataa kulipa. Wanachama wanaopanda juu ya magunia siku ya soko wakumbuke kwamba lori la mizigo si basi, na leseni ya LATRA ya kubeba mizigo haiwahusu wao.

Upande wa vitabu ni mfupi, lakini ndipo vyama vinapokwama. Ununuzi wa gari uwe katika makisio yaliyopitishwa na mkutano mkuu. Ukihitaji mkopo, uwe ndani ya ukomo wa madeni ulioidhinishwa na Mrajis chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya 2013. Bei zilizotafutwa ziwe zaidi ya moja na kwa maandishi, na taarifa ya fundi asiye na undugu na muuzaji iambatishwe kwenye muhtasari. Mwenyekiti anayekwenda Mwanza asubuhi na kurudi jioni na gari, hata liwe zuri, amekiachia chama deni la maelezo ambalo mkaguzi wa COASCO atalidai.

Ikiwa baada ya hayo yote bodi ya zamani bado inawavutia wanachama, ipo kazi inayoifaa. Katika nchi nyingi tramu zilizostaafu ziligeuzwa vibanda, maduka na hata nyumba. Bodi ya basi ikiinuliwa juu ya matofali kando ya ghala, ikafungwa mlango imara na kuzibwa pasivuje, itatunza mabomba ya kunyunyizia dawa, mizani na madaftari ya msimu. Haidai mafuta, leseni wala dereva. Dawa zenyewe zisiwekwe humo pamoja na madaftari.