Njia ya Neva na Unga wa Muhogo: Hotuba ya Mahafali, Muhuru Bay



Mfumo wa neva wa binadamu una mpangilio ambao, ukieleweka, humwezesha mhudumu wa afya asiye na mashine yoyote kutazama mwendo wa mgonjwa, kugonga goti lake na kukisia kwa uhakika mkubwa mahali ambapo dhara limetokea. Ujuzi huo una thamani ya pekee katika kata ya Kenya iliyo mpakani na Tanzania kama Muhuru Bay, ambako muhogo huliwa karibu kila boma na ambako hospitali yenye mtaalamu wa neva iko mbali.

Mfumo huo hugawanywa katika sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni mfumo mkuu wa neva, yaani ubongo pamoja na ugwe wa mgongo, ambao ni kamba laini ya neva inayopita ndani ya mifupa ya uti wa mgongo. Sehemu ya pili ni mfumo wa pembezoni, unaoundwa na neva zenyewe, ambazo wengi huziita mishipa ya fahamu: jozi 12 zinazotoka kwenye ubongo na jozi 31 zinazotoka kwenye ugwe, zikifika kwenye ngozi, misuli na viungo vya ndani. Baadhi ya neva hizo hupeleka habari za hisi ubongoni, kama vile joto, maumivu na mguso, nyingine hurudisha amri za mwendo kwa misuli, na nyingine tena huendesha moyo, utumbo na jasho bila mwenye mwili kuamua lolote.

Chembe ya msingi ya mfumo huu ni neuroni, na ubongo wa mtu mzima unakadiriwa kuwa na neuroni bilioni 86. Neuroni kwa kawaida huwa na mkia mmoja mrefu uitwao aksoni, ambao hupitisha ishara ya umeme inayotokana na madini ya sodiamu na potasiamu kuvuka utando wa chembe, na ishara ikifika mwisho wa aksoni huvuka mwanya mdogo uitwao sinapsi kwa njia ya kemikali, kama ile ya asetilikolini inayoamuru msuli ukaze. Aksoni zilizofunikwa na mafuta ya mayelini huweza kupitisha ishara kwa kasi ya zaidi ya mita 100 kwa sekunde. Kasi hiyo ina gharama yake, kwani ubongo, ambao ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, hutumia takriban asilimia 20 ya oksijeni yote, na chochote kinachozuia chembe kutumia oksijeni huanza kudhuru hapo.

Amri ya kunyanyua mguu hupita kwa neuroni mbili zinazopokezana kama wakimbiaji wa vijiti. Neuroni ya juu huanzia kwenye gamba la ubongo na kushuka ndani ya ugwe hadi kiunoni, na huko neuroni ya chini hupokea amri na kuifikisha kwenye msuli. Hapa ndipo penye funzo kubwa kuliko yote kwa mhudumu wa nyanjani. Neuroni ya chini ikiharibika, kama inavyotokea kwa polio, mguu hulegea, msuli hukonda na goti likigongwa halirushi mguu. Neuroni ya juu ikiharibika, mambo huwa kinyume, kwa sababu mojawapo ya kazi za ubongo ni kuzizuia refleksi, yaani miitikio ya papo kwa papo inayoamuliwa ndani ya ugwe wenyewe. Kizuizi kikiondoka, misuli hukakamaa, goti hurusha mguu kwa nguvu isiyo ya kawaida, na mgonjwa hutembea kwa ncha za vidole huku magoti yakipishana.

Ugonjwa unaoonyesha jambo hilo waziwazi ulitokea ng'ambo tu ya mpaka. Mwaka 1985, wakati wa ukame, mlipuko wa ugonjwa uitwao konzo ulizuka katika wilaya ya Tarime nchini Tanzania, ambayo wakati huo ilifika hadi Shirati na ufuko wa Ziwa Victoria. Uchunguzi wake uliochapishwa mwaka 1990 na William Howlett, Glen Brubaker wa Hospitali ya Shirati, Nicholas Mlingi na Hans Rosling ulionyesha kwamba walioathirika walikuwa wameumia neuroni za juu, na kwamba walikuwa wakila muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha. Miaka minne kabla ya mlipuko huo wa Tarime, mkoa wa Nampula nchini Msumbiji ulikuwa umepata wagonjwa zaidi ya 1,000 katika mlipuko mmoja. Shirika la Afya Duniani huutambua ugonjwa huu kwa dalili tatu: mwendo wa kukakamaa kwa miguu yote miwili, mwanzo wa ghafla usiozidi wiki moja kwa mtu aliyekuwa mzima, ambao baadaye hauzidi kuwa mbaya, na refleksi kali za magoti au vifundo bila ugonjwa wa uti wa mgongo.

Sababu yake iko jikoni. Muhogo mchungu una linamarini, kemikali ambayo huvunjika na kutoa sayanidi, sumu inayozuia chembe kutumia oksijeni. Mwili huweza kuigeuza sayanidi kuwa kitu kisicho na madhara makubwa, lakini kwa kazi hiyo huhitaji salfa itokanayo na protini, kama ile ya samaki, maharagwe na maziwa. Ndiyo maana konzo huwapata hasa watoto na wanawake wa umri wa kuzaa katika kaya zinazokula muhogo pasipo kitoweo, tena wakati wa njaa, ambapo siku za kuloweka, kurundika na kuanika hupunguzwa kwa sababu watoto hawawezi kungoja. Ni jambo la kusikitisha kwamba eneo linalovua omena, yaani dagaa wa ziwani, huona sehemu kubwa yake ikipakiwa magari kwenda kutengenezwa chakula cha mifugo.

Mtu anayeuita ugonjwa kama huu uchawi au chira, yaani laana ya kuvunja mwiko, hastahili kudharauliwa, kwa kuwa maradhi yanayowaangusha ndugu kadhaa wa boma moja kwa siku chache yana sura yote ya laana. Hata hivyo ndugu hao hula chungu kimoja, na maelezo hayo yanatosha.

Aksoni za mfumo mkuu wa neva zikishakufa hazioti upya kwa kiasi cha kurudisha mwendo, hivyo konzo haina tiba ila kinga. Unga unaoshukiwa huweza kuchanganywa na maji hadi ulowane wote, ukatandazwa kwa tabaka jembamba na kuachwa juani kwa saa 2 au kivulini kwa saa 5, sayanidi ikapotelea hewani kabla ya ugali kupikwa siku hiyo hiyo. Mbinu hii ilibuniwa na Howard Bradbury wa Australia, ikajaribiwa vijijini Msumbiji na Kongo, na haihitaji kifaa maalumu.

Limebaki pengo moja ambalo wahitimu wa leo wa mafunzo ya afya ya jamii wanaweza kuliziba. Kila mtoto wa chini ya miaka 15 aliyelegea mguu ghafla huripotiwa ili kuchunguzwa polio, na sampuli mbili za kinyesi huchukuliwa ndani ya siku 14 tangu mguu ulegee. Mtoto aliyekakamaa hatafutwi na utaratibu huo, kwa kuwa miguu yake haijalegea. Wahitimu wanaombwa wamripoti naye kwenye kituo cha afya kilicho karibu, waulize boma lake limekula muhogo gani, umelowekwa siku ngapi na kwa kitoweo kipi, na mwaka wa ukame waanze kuuliza maswali hayo kabla mtu yeyote hajaugua.