Saa za Alasiri za Watoto Wetu

(Hotuba iliyosomwa na karani wa chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Chaani)



Halmashauri ilinitaka niseme machache juu ya watoto wa shule za msingi, na hasa juu ya zile saa wanazotoka shuleni hata wazazi wao warudipo kazini. Nimepewa robo saa, nami nitajitahidi nisiipite.

Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zasema kwamba masomo katika shule za kutwa yaanze saa 2:00 asubuhi na kwisha saa 9:30 alasiri, na kutoka hapo hadi saa 10:45 iwe ni michezo na shughuli nyingine zisizo za darasani. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Lakini michezo huhitaji kiwanja, na shule ambayo kiwanja chake ni ua mwembamba baina ya madarasa haina la kufanya ila kuwaacha watoto waende zao. Wale wa madarasa ya chini hutoka mapema zaidi. Mzazi naye, akiwa kibarua wa bandari ya Kilindini, au mshonaji katika viwanda vya nguo vya EPZ, aghalabu hafiki nyumbani kabla ya saa 12:30 jioni. Na yule wa zamu ya usiku yumo nyumbani, ila amelala. Hesabuni wenyewe. Tangu saa 9:30 hata saa 12:30 ni saa 3. Kwa siku tano ni saa 15. Kwa muhula wa wiki 13 ni saa 195, ambazo mtoto hana mwalimu wala mzazi.

Wako wapi watoto katika saa hizo? Wavulana twawaona, kwa kuwa hawajifichi. Wako kando ya barabara za Port Reitz na Magongo, wakicheza mpira huku malori ya makontena yakipita. Wako katika hori wakiogelea bila mtu mzima. Wako vibandani wakitazama filamu ambazo hata sisi watu wazima tungeona haya kuzitazama pamoja. Wasichana hatuwaoni, na kwa sababu hatuwaoni twadhani wako salama. Msichana wa miaka tisa amefungiwa chumbani na mdogo wake mgongoni, sufuria iko jikoni, na mlango wa jirani ni wa mpangaji aliyehamia mwezi uliopita, ambaye hakuna amjuaye. Nathubutu kusema kwamba jambo hili lanitia hofu kuliko malori.

Tena si kila hatari huonekana kwa macho. Jirani zetu wa Owino Uhuru, kule Mikindani, waliishi ukutani mwa kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu tangu mwaka 2007 hata kilipofungwa mwaka 2014, na sumu ya madini ya risasi ikaingia miilini mwa watu, watoto wakiwamo. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Mombasa, iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kesi hiyo ikafika hata Mahakama ya Juu. Mzazi akisema, "Mwanangu yuko nje anacheza," yafaa ajue pia anacheza juu ya udongo gani.

Najua wazee wangu mtanijibu kwamba zamani mambo haya hayakuhitaji mkutano. Ninyi mliokulia Changamwe kabla ya kiwanda cha kusafishia mafuta kuanza kazi mwaka 1963 mwaweza kutueleza jinsi mtoto alivyokuwa wa mtaa mzima, na mzee yeyote aliyemkuta na kosa alimrudi, kisha akampeleka kwao. Nayakubali hayo, lakini desturi ile ilisimama juu ya watu kujuana. Siku hizi nyumba moja ina vyumba kumi na wapangaji wa kila kabila, na mtu akimkanya mtoto wa mwenziwe huenda akajibiwa kituo cha polisi. Desturi haitarudi kwa sisi kuililia.

Hata hivyo, ipo sehemu moja ya malezi ya zamani ambayo haikufa, nayo ni chuo. Watoto wengi wa Kiislamu wakitoka shule huvua sare, wakavaa kanzu au buibui, wakaenda kwa mwalimu wao kusoma Kurani. Huko yupo mtu mzima anayejua majina yao, ajuaye pia nani hakuja leo. Mpango wowote tutakaouanzisha ukigongana na saa za chuo utakufa katika juma la kwanza, na utastahili kufa. Kwa hiyo naomba walimu wa vyuo na viongozi wa makanisa wakae nasi tangu mwanzo, mtoto aweze kutoka kwetu kwenda chuoni na kurudi, naye ameandikwa daftarini alipotoka na aliporudi.

Sasa nitasema neno ambalo baadhi ya wazazi hawatalipenda. Tukitaja malezi ya alasiri, wengi husikia tuisheni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza tuisheni za likizo, na aendaye kinyume aweza kutozwa faini hadi shilingi 100,000 au kufungwa. Lakini kiu ya wazazi haijakatika. Mtoto aliyekaa juu ya dawati tangu saa 2:00, pengine tumbo tupu, ukimkalisha tena saa tatu humfundishi, wamchosha. Ninachokiomba mimi ni kikombe cha uji, mahali patulivu pa kufanyia kazi ya nyumbani, vitabu vya hadithi, na uwanja wa kuchezea. Mtaala wa Umilisi humpa mtoto kazi nyingi za kufanya pamoja na mtu mzima, na nyumba nyingi hazina mtu mzima saa hizo. Maktaba ya taifa iko kisiwani, ng'ambo ya Makupa, na nauli ya kwenda na kurudi ni mboga ya siku.

Je, jambo hili lawezekana kwa watu wa kipato chetu? Nitatoa mifano miwili. Hapa Mombasa, katika miaka ya 1980, Bi Swafiya Said alishika kazi ya kuwafundisha wasichana wa mitaani kuwa walimu wa watoto wadogo, dini na elimu ya kisasa zikienda pamoja, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan. Na mpango ule wa madrasa ukafika Zanzibar na Uganda. Walezi hawakutoka mbali. Walikuwa binti za watu wa pale pale. Na kule Nairobi, chama cha michezo cha vijana wa Mathare kilianza mwaka 1987 kwa mpira tu, ila timu ilipata pointi pia kwa kusafisha mtaa. Mpango ule wa pointi wanipendeza sana, nami ningeomba tuuige bila kubadili hata neno.

Lakini walezi wasiokotwe tu. Kila atakayekaa na watoto alete cheti cha polisi cha mwenendo mwema, na wasipungue watu wazima wawili wakati wowote, hata kama mmoja wao ni mimi. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 haitatusamehe tukizembea, wala wazazi hawatatusamehe.

Limebaki suala la ukumbi. Ukumbi huu tunaokaa hukodishwa alasiri kwa mikutano, na kodi yake ndiyo hulipa umeme na mlinzi. Bwana Mweka Hazina ameniambia waziwazi kwamba mpango wangu utamtoboa mfuko, naye hasemi uongo. Jibu langu ni kwamba arusi na matanga mengi hufanyika Jumamosi na Jumapili, siku ambazo siziombi. Naomba Jumatatu hadi Ijumaa, tangu saa 8:00 mchana hata 12:30, kwa muhula mmoja wa kujaribu. Mzazi awezaye achangie uji. Asiyeweza asiulizwe mbele ya mwanawe. Shule zilipofungwa Machi 2020 hata Januari 2021, milango ya kumbi ilifungwa pia na hatukuwa na hiari. Leo ufunguo uko mikononi mwetu.

Azimio limepigwa chapa katika ukurasa wa mwisho wa ajenda. Naomba lijadiliwe kabla ya taarifa ya fedha, kwa kuwa likipita, makisio ya kodi ya ukumbi hayana budi kuandikwa upya.