Kilicho Chini ya Zulia: Mazungumzo na Wanunuzi wa Viwanja vya Nyasi Bandia

Ndugu wajumbe wa kamati za shule, viongozi wa vikundi vya vijana, na ninyi nyote mliochanga au mnaotarajia kuchanga fedha kwa ajili ya kiwanja cha nyasi bandia,

Tumeombwa tuzungumze juu ya nyasi hizo, nasi tumeona ni heri tuzungumze juu ya kile kinacholala chini yake. Muuzaji anapokuja kwenu huja na kipande cha zulia mkononi. Mnakipapasa, mnalinganisha urefu wa nyuzi, mnachagua rangi. Hakuna muuzaji anayekuja na mfuko wa kokoto. Hata hivyo, zulia lenyewe hutarajiwa kudumu miaka minane hadi kumi hivi, kisha hubadilishwa, ilhali msingi uliojengwa vyema unaweza kupokea zulia la pili na hata la tatu. Msingi ukiharibika, hakuna njia ya mkato: mchanga na chembechembe za mpira zilizomwagwa kati ya nyuzi, ambazo ni tani nyingi, sharti ziondolewe, zulia likunjwe, ndipo fundi afikie kosa. Nyumba njema si mlango.

Viwanja vikubwa vya nyasi bandia tunavyo hapa nchini, kama Nyamagana kule Mwanza na Kaitaba kule Bukoba. Kiwanja kikubwa cha mpira, chenye mita 105 kwa 68, hakijengwi pasipo wahandisi na wasimamizi. Wasiwasi wetu uko kwenye kiwanja kidogo cha mtaani au cha shule, chenye mita 40 kwa 20, ambacho aghalabu husimamiwa na mwenyekiti wa kamati, mweka hazina na simu ya fundi. Hapo mnunuzi ndiye mkaguzi, apende asipende.

Tuanze na maji, kwa kuwa msingi umejengwa hasa kwa ajili yake. Zulia lina matundu mgongoni ili mvua ipenye. Chukulieni mvua ya masika ya milimita 30 kwa saa moja juu ya kiwanja hicho cha mita za mraba 800: ni lita 24,000, yaani zaidi ya maboza mawili ya lita 10,000 yaliyomwagwa mahali pamoja. Maji hayo yakikuta njia chini, watoto watacheza jioni ileile. Yasipoikuta, yatatuama, udongo utalainika, na baada ya misimu michache kiwanja kitakuwa na mabonde na vilima ambavyo jicho halivioni, lakini kifundo cha mguu cha mchezaji huvikuta.

Kazi ya kwanza ni kuondoa udongo wa juu wenye mizizi na mboji, kwa kuwa mizizi huoza na kuacha mashimo. Penye udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Shinyanga, jambo ni zito zaidi: udongo huo huvimba unapolowa na kupasuka unapokauka, na utayainua na kuyashusha mawe yote mtakayoweka juu yake. Aghalabu huchimbwa na kuondolewa kwa kina ambacho mhandisi atakipanga baada ya kuupima, kisha pakajazwa kifusi kinachofaa na kushindiliwa tabaka kwa tabaka. Atakayewaambia kwamba zulia litaficha tatizo hilo hajasema uongo. Litalificha kweli, kwa muda.

Ardhi ikishashindiliwa, lipo jaribio ambalo hata asiye fundi aweza kulisimamia. Lori lililojaa mzigo lipitishwe polepole juu ya eneo lote, nanyi mtembee nyuma yake mkitazama magurudumu. Mahali ardhi inapobonyea au kutikisika kama godoro, pana udongo laini au unyevu. Pachimbwe na kujazwa upya kabla ya jiwe la kwanza kumwagwa. Kisha hutandikwa kitambaa maalumu cha ujenzi kiitwacho jiotekstaili, ambacho hupitisha maji lakini huzuia matope yasipande na kuziba nafasi zilizo kati ya mawe. Mafundi wengine hukiacha ili kupunguza gharama. Akiba hiyo ni ndogo mno kulinganisha na hasara yake.

Sasa kokoto. Unene wa kawaida wa tabaka la mawe, likishashindiliwa, ni sentimita 15 hadi 30 kulingana na ardhi. Tuseme mmekubaliana sentimita 20. Kwa kiwanja chetu hiyo ni mita za ujazo 160 baada ya kushindiliwa. Mawe yanapokuwa bado yamelegea kwenye lori huhitajika zaidi, kama 200 hivi. Lori la mita za ujazo 10 litalazimika kuleta tripu 20. Mwekeni kijana mmoja langoni na daftari. Zikiingia tripu tisa, hamhitaji mtaalamu wa kuwaeleza kilichotokea.

Idadi pekee haitoshi. Mawe yawe yamepondwa, yenye kingo kali, kwa sababu hushikana yanaposhindiliwa. Changarawe za mtoni zilizo duara huteleza. Yawe magumu pia: baadhi ya mawe laini ya matumbawe ya mwambao husagika chini ya mtambo na kugeuka unga. Na yasijae vumbi. Vumbi la kokoto ni zuri kwa kuwa linasawazika upesi na kupendeza machoni, na hiyo ndiyo sababu mafundi hulipenda, lakini likizidi hugeuka kama saruji na maji hayapiti. Tabaka jembamba la kokoto ndogo juu, kwa ajili ya kusawazisha, linatosha. Likikamilika, mwageni ndoo kadhaa za maji sehemu mbalimbali mtazame. Maji yanapaswa kuzama mbele ya macho yenu. Yakisimama kama dimbwi, zulia lisitandazwe.

Tunaulizwa mara nyingi kuhusu sakafu ya zege. Zege si haramu, lakini kwa maoni yetu huuzwa kwa sababu ni rahisi kwa fundi. Maji hayapenyi, hivyo sharti uwepo mteremko wa uhakika na mifereji pembeni. Na mtoto anayeanguka huanguka juu ya zege, isipokuwa kama pametandikwa mkeka wa kupunguza kishindo. Ukijumlisha gharama ya mkeka huo, unafuu uliotangazwa huyeyuka.

Usawa wa juu hupimwa kwa ubao ulionyooka wa mita 3. Vigezo vya ubora vya FIFA haviruhusu nafasi inayozidi milimita 10 chini ya ubao huo, na hakuna sababu ya kiwanja cha shule kukubali pungufu. Mteremko nao uwe mdogo, nusu hadi asilimia moja: kutoka mstari wa katikati hadi ukingoni, umbali wa mita 10, ardhi ishuke sentimita 5 hadi 10. Kamba na pima maji vinatosha kuthibitisha.

Yote haya yataonekana kwa siku chache tu kabla ya kufunikwa. Kwa hiyo mkataba useme waziwazi aina ya mawe, unene wake baada ya kushindiliwa, kitambaa na mabomba, na malipo yagawanywe: fungu la msingi lilipwe baada ya kamati kuukagua, si baada ya zulia kutandazwa. Hakikisheni mkandarasi amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja, na mtu aliyeahidi sentimita 20 akaweka 8 amepotosha. Lakini ni vigumu kumbana bila ushahidi. Mkija kulalamika, njooni na mkataba, stakabadhi, daftari la malori, na picha za shimo lililochimbwa msingi ukiwa wazi, rula ikiwa imesimamishwa ndani yake ili unene usomeke.

Limebaki swali moja ambalo wengi hulisahau hadi mvua inaponyesha. Mabomba yenye matundu hukusanya maji chini ya kiwanja na kuyapeleka ukingoni. Kutoka hapo yanakwenda wapi? Tumeona michoro mizuri ambayo mshale wa maji unaishia kwenye ukuta wa jirani. Lita 24,000 kwa saa hazitaheshimu mshale. Kabla ya kusaini, mwambieni fundi atembee nanyi kwa miguu kufuata njia ya maji hadi kwenye mfereji wa mtaa au shimo la kuyapokea, na kama ni mfereji wa umma, pateni kwanza idhini ya maandishi ya halmashauri.