Mudomo wa muzee mwenye kutetemeka nao ni kazi yetu

Mazungumuzo yaliyotolewa Kasugho mbele ya wanamemba



Kawaida tukikutana tunaongea juu ya mabati, mbegu ya maharagi na feza ya masomo. Leo tunaomba muda kwa jambo ambalo linaonekana dogo: meno ya wazee wetu wenye kutetemeka. Dogo haliko, na mutaona sababu.

Tukipita nyumba kwa nyumba, tunakuta muzee ambaye mukono unatetemeka hata akiwa ametulia. Mwili umekaza, hatua zimekuwa fupi, uso hauonyeshi tena furaha wala hasira. Wengine wanasema ni uzee tu. Wengine wanasema amelogwa, ao ni woga wa vita uliobaki mwilini. Si kila kutetemeka ni ugonjwa mumoja, kwa hiyo muganga ndiye anapaswa kuangalia. Lakini kuko ugonjwa unaoitwa Parkinson, jina la muganga Mwingereza James Parkinson, aliyeandika juu yake mwaka wa 1817. Ndani ya ubongo, chembe zinazotengeneza dopamini zinakufa kidogo kidogo. Dopamini ikipunguka, mwendo wote wa mwili unakuwa mugumu na wa polepole. Hauambukizi, na jirani hana kosa.

Tusifikiri ni ugonjwa wa Wazungu. Kule Tanzania, katika wilaya ya Hai, chini ya mulima Kilimanjaro, watafiti walitafuta katika watu zaidi ya 160 000, wakapata wagonjwa 33. Wengi wao hakuna muganga aliyekuwa amewaambia ni ugonjwa gani. Na kwetu je, ni wangapi wamekaa pembeni ya moto bila mutu kuwauliza kitu?

Sasa mudomo unaingia namna gani? Kwanza, mukono unaotetemeka na kukaza hauwezi kusugua meno vizuri, zaidi yale ya nyuma. Pili, kumeza kunakuwa polepole. Mate inamwangika kwenye kidevu na watu wanacheka, lakini mate haikuzidi: ni kumeza ndiko kumepunguka. Tatu, dawa zingine zinakausha mudomo, na mudomo mukavu meno yake yanaoza haraka, juu mate ndiyo inayoyalinda.

Hatari kubwa iko hapa. Mugonjwa asiyemeza vizuri, chakula na mate vinaweza kupita njia ya pumzi. Kama mudomo ni muchafu, uchafu ule unashuka pamoja navyo mupaka ndani ya mapafu. Homa ya mapafu ni moja ya mambo yanayoua sana watu wenye Parkinson. Kwa hiyo kusugua meno ya muzee ni kulinda pumzi yake.

Mambo ya kufanya nyumbani hayaombi feza mingi:

Osheni mikono kwanza. Desturi tuliyojifunza wakati wa Ebola, 2018 mupaka 2020, isipotee.

Muikalishe wima, kichwa kisilale nyuma. Musimusugue akiwa amelala chali.

Mupini wa brosi muuzungushie kitambaa ao kipande cha mpira wa baiskeli, uwe munene, mukono wake uweze kuushika. Kama anaweza kusugua mwenyewe, mumuache asugue, kisha mumalizie pale hakufika.

Dawa ya meno yenye floraidi, kiasi cha punje moja ya maharagi kinatosha. Musimimine maji mengi mudomoni. Ateme, akishindwa kutema, mupanguse na kitambaa safi chenye maji kidogo. Ulimi pia usafishwe.

Mara mbili kwa siku, na ile ya usiku isikose. Kama anakunywa levodopa, muchague saa ambayo dawa inafanya kazi na mwili umelegea. Mudomo ukikauka, anywe maji kidogo kidogo, lakini musikate dawa bila kuuliza muganga. Meno ya kubandika yatoke usiku na kuoshwa.

Mara moja kwa juma, muwashe tochi na kuangalia ndani: kidonda, jino lililovunjika, nyama ya meno inayotoka damu. Musiweke kidole katikati ya meno yake. Anaweza kuuma bila kutaka.

Tumemuona mama mumoja aliyerudia na familia yake. Alianza kukataa bugali, kisha hata uji. Watoto walisema ugonjwa umefika mwisho, wakaanza kuita wajomba. Tulipowasha tochi, tuliona jino lililovunjika likikata ulimi wake. Yeye sauti yake ilikuwa imepunguka sana, hakuweza kueleza. Jino liliondolewa, na baada ya siku chache akaanza tena kula. Kutetemeka hakukuisha, lakini njaa iliisha. Alikuwa karibu kufa juu ya jino moja.

Ndiyo maana tunaleta maombi mawili. Kwa wanamemba: leo sanduku letu linasaidia mutu akilazwa ao akifariki. Tunapendekeza lilipe pia safari ya kwenda kwa muganga wa meno wakati shida ingali ndogo. Pikipiki mupaka Butembo ni gali, lakini kulaza mutu mwenye homa ya mapafu ni gali zaidi, na jeneza hatulisemi. Tunaomba jambo hili lipigiwe kura katika mukutano unaokuja.

Kwa wasaidizi: mutu aliyekimbia vita alibeba mutoto na gunia, hakubeba brosi. Katika mizigo munayotuma, muongeze brosi laini na dawa ya meno. Na kwa wale ambao muganga amewahakikishia ugonjwa, levodopa isifike mwezi mumoja kisha ikose miezi miwili. Ikikatika gafula, mwili unakaza na kumeza kunaharibika tena.

Sisi tutaendelea kupita nyumba kwa nyumba. Mwenye muzee anayetetemeka aandikishe jina lake kwa mukubwa wa kikundi, asione haya. Mate kwenye kidevu si aibu ya familia.